Magoti Yanayouma Uzeeni: Mazoezi ya Yoga kwa Akina Mama Wazee

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya maradhi yanayowasumbua mama zetu na bibi zetu wengi, yaani maumivu ya magoti. Karibu katika kila kigango wako akina mama ambao zamani walikuwa wa kwanza kufika kanisani, lakini leo hawaonekani isipokuwa siku za sikukuu kubwa. Ukiuliza sababu, unajibiwa neno moja tu: "Magoti." Wengine wanafika, lakini hujificha viti vya nyuma, kwa kuwa wanaona aibu kubaki wamekaa wakati wenzao wamepiga magoti. Nyumbani hawawezi tena kukaa juu ya kigoda mbele ya mafiga, na wakienda chooni ni lazima washike ukuta ili wainuke.

Jamaa wengi husema, "Huo ni uzee tu, hakuna la kufanya." Maneno hayo yana ukweli kidogo, kwa sababu ugonjwa huu huongezeka pamoja na umri. Lakini kusema kwamba hakuna la kufanya si kweli hata kidogo. Yapo mazoezi ya mwili ambayo mama wa miaka 70 anaweza kuyafanya nyumbani kwake, bila gharama, akiwa na kiti, ukuta na kanga. Leo tutafundisha mazoezi ya namna hiyo, yale yaitwayo yoga. Tunaomba somo hili lisomwe na watu wote wa nyumba, maana bibi peke yake, bila msaada wa wanawe na wajukuu, atachoka upesi na kuacha.

UGONJWA HUU NI NINI?

Goti ni mahali panapokutana mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kifupa cha mviringo kiitwacho pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye utelezi, ili mifupa isisuguane. Ndani ya goti mna ute unaofanya kazi kama mafuta katika mashine. Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka katika ute huo, na ute huingia vizuri ndani ya gegedu wakati goti linapokunjwa na kunyooshwa. Kumbe basi, goti lisilotembea halipati chakula cha kutosha.

Katika ugonjwa ambao waganga huuita osteoathritisi, gegedu huchakaa polepole na kuwa jembamba. Mifupa huota vijiti pembeni, goti huvimba mara kwa mara, na misuli ya paja hulegea. Watu wengi huuita ugonjwa huu "baridi yabisi", au husema "magoti yamesagika". Dalili zake za kawaida ni hizi:

(a) Maumivu yanayozidi wakati wa kutembea, kupanda ngazi au kuinuka kitini, na yanayopungua mtu akipumzika.

(b) Goti kukakamaa asubuhi au baada ya kukaa kwa muda mrefu. Hali hii huisha kwa kawaida kabla ya nusu saa.

(c) Goti kulia "ko-ko-ko" linapokunjwa.

(d) Goti kuonekana nene, au mguu kuanza kupinda kama upinde.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na osteoathritisi, na kati yao watu milioni 365 waliugua katika magoti. Katika kila wagonjwa 100, kama 60 ni wanawake. Wengi wao hupatwa baada ya kukoma hedhi. Mambo mengine yanayoleta au kuongeza ugonjwa huu ni uzito mkubwa wa mwili, kuumia goti siku za nyuma, kuwa na wazazi waliougua hivyo, na kazi za miaka mingi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito. Tukiwatazama mama zetu waliolima, waliochota maji na kubeba kuni tangu utoto, tunaelewa kwa nini magoti yao yamechoka.

HATARI YA KUKAA TU

Goti linapouma, jambo la kwanza linalomjia mtu ni kulipumzisha. Siku moja au mbili za kupumzika, goti likiwa limevimba, si vibaya. Lakini kukaa kwa wiki na miezi huleta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Misuli ya paja, ambayo kazi yake ni kubeba uzito ili goti lisiumie, hulegea. Misuli ikilegea, uzito wote huangukia kwenye gegedu lililokwisha kuchakaa, na maumivu huzidi. Maumivu yakizidi, mama hukaa zaidi. Mwili nao huongezeka uzito, miguu hukosa nguvu, na siku moja huanguka uani na kuvunjika nyonga.

Hapo ndipo tunapotaka vijana wasikilize kwa makini. Mara nyingi tunamwambia mzee, "Tulia tu bibi, sisi tutafanya." Tunamletea maji, tunamletea chakula, tunamletea hata kiko cha simu pale alipo. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini kwa kumzuia asiinuke kabisa tunazidi kumdhoofisha. Heshima iliyo bora ni kumsaidia aweze kuinuka mwenyewe.

YOGA NI NINI?

Yoga ilianza India zamani sana. Ndani yake mna mambo mengi: mafundisho ya maisha, tafakari, namna za kupumua, na mikao ya mwili. Sehemu inayohusu zaidi mikao ya mwili na pumzi huitwa hatha yoga. Katika karne ya 20, mwalimu mmoja wa mji wa Pune, India, B.K.S. Iyengar (1918 hadi 2014), alijulikana sana kwa kutumia viti, mikanda, vipande vya mbao na blanketi ili wazee na wagonjwa nao waweze kufanya mikao hiyo bila kuumia. Mazoezi tutakayoyaeleza hapa yanafuata njia hiyo ya kutumia kiti na ukuta.

Wapo waamini watakaouliza, "Je, Mkatoliki anaruhusiwa kufanya yoga?" Swali hili ni la haki, kwa sababu yoga katika asili yake inahusiana na dini za India. Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Vatikano inayoshughulikia Mafundisho ya Imani iliwaandikia maaskofu barua juu ya tafakari ya Kikristo, na yoga ilitajwa humo. Barua hiyo ilionya kwamba utulivu unaoletwa na mazoezi ya mwili usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Ni onyo jema. Sisi katika ukurasa huu tunachukua kunyoosha viungo, kukaza misuli na kupumua vizuri tu. Hatufundishi maneno ya dini nyingine wala namna ya kusali. Anayeona bado ana wasiwasi moyoni, na ayaite "mazoezi ya viungo ya kiti", kisha ayafanye. Goti halijali jina.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wauguzi watafiti walichukua wanawake wazee 36 wenye ugonjwa huu wa magoti. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Nusu yao walifundishwa hatha yoga kwa wiki 8: mara moja kwa wiki walikutana na mwalimu kwa dakika 60, na siku nyingine nne walifanya wenyewe nyumbani kwa dakika 30. Nusu ya pili walisubiri zamu yao. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Wale waliofanya yoga walipungukiwa na maumivu na kukakamaa kwa magoti, na waliweza kuinuka kitini vizuri zaidi kuliko wale waliosubiri. Hakuna aliyeumizwa na mazoezi hayo.

Ni kweli kwamba wanawake 36 ni wachache. Lakini utafiti mwingine ulifanyika Australia, katika jimbo la Tasmania, na kutangazwa mwaka 2025. Huo ulikuwa na watu 117, na ulilinganisha yoga na mazoezi ya kawaida ya kuimarisha misuli. Baada ya wiki 12 maumivu yalipungua katika makundi yote mawili, wala tofauti kati yao haikuwa kubwa. Nacho Chama cha Marekani cha madaktari wa viungo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kimesisitiza kwa nguvu mazoezi ya mwili kwa wagonjwa wa magoti, na kimeitaja yoga kuwa ni mojawapo ya njia zinazoweza kutumiwa.

Tuseme wazi: yoga hairudishi gegedu lililokwisha kulika. Anayewaahidi kwamba magoti yatakuwa mapya kama ya msichana anawadanganya. Kinachopatikana ni misuli yenye nguvu, viungo visivyokakamaa, maumivu yaliyopungua, na hofu ya kuanguka kupungua. Kwa mama aliyekuwa hawezi kwenda kisimani wala kanisani, hayo si madogo.

KABLA YA KUANZA

1. Mweleze mganga wa zahanati au kituo chako cha afya, hasa kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kizunguzungu, mifupa dhaifu, au kama umewahi kupasuliwa goti au nyonga.

2. Tafuta kiti kigumu cha miguu minne, kisicholegea. Egemeza mgongo wa kiti ukutani ili kisiteleze.

3. Fanya mazoezi miguu ikiwa mitupu, juu ya sakafu kavu. Mkeka unaoteleza ni hatari, uondoe.

4. Usifanye mara baada ya kula. Subiri kama saa mbili. Saa nzuri ni asubuhi, viungo vikishalegea kidogo, au jioni kabla ya kulala.

5. Usizuie pumzi hata mara moja. Kuzuia pumzi huku umekaza misuli hupandisha shinikizo la damu. Ukiona huwezi kuzungumza, unajilazimisha mno.

6. Wiki za kwanza awepo mtu karibu: mjukuu, binti au jirani.

Kanuni ya maumivu ni hii: misuli kuvutika na kuchoka kidogo ni kawaida. Lakini maumivu makali kama ya kisu ni amri ya kuacha. Na ikiwa kesho yake goti linauma au limevimba kuliko kabla ya mazoezi, basi ulizidisha. Punguza nusu, usiache kabisa.

MAZOEZI YENYEWE

1. Kukaa wima na kupumua. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote zikiwa chini, magoti yametengana kwa upana wa nyonga. Nyoosha mgongo kana kwamba umebeba mtungi kichwani. Vuta pumzi polepole kwa pua, ukihesabu hadi tatu, kisha itoe ukihesabu hadi nne. Fanya mara 8.

2. Kuchezesha vifundo vya miguu. Ukiwa bado umekaa, inua mguu mmoja kidogo. Vuta vidole kuelekea kwako, halafu visukume mbele. Mara 10, kisha badili mguu. Zoezi hili hupasha misuli moto na kusaidia damu kutembea.

3. Kunyoosha goti. Shika pembe za kiti. Nyoosha mguu wa kulia mbele yako mpaka uwe sawa na paja, au kadiri uwezavyo. Vuta vidole kwako na kaza misuli ya juu ya paja. Hesabu hadi 5 huku ukipumua, kisha shusha taratibu. Mara 8 kila mguu. Hili ni zoezi la maana kuliko yote kwa goti. Mtu akikosa muda wa mazoezi mengine, hili asilikose.

4. Mlima. Simama nyuma ya kiti au karibu na ukuta, mkono mmoja ukigusa. Miguu iwe sambamba. Gawa uzito sawasawa katika nyayo zote mbili. Kaza mapaja kidogo, lakini usiyasukume magoti nyuma mpaka yafunge. Nyoosha shingo, legeza mabega. Kaa hivyo kwa pumzi 5. Linaonekana jepesi, lakini hufundisha mwili kusimama sawa baada ya miaka ya kuegemea mguu mmoja.

5. Kuinuka kitini. Kaa mbele ya kiti, nyayo chini ya magoti. Inama kidogo mbele kutoka nyongani, toa pumzi na uinuke bila kujirusha. Ukiwa umesimama pumua mara moja, halafu kaa polepole, usijitupe. Magoti yaelekee upande wa vidole, yasikutane ndani. Anza na mara 5. Kama kiti ni kifupi mno kwako, weka mto juu yake. Anayehitaji kujisukuma kwa mikono na afanye hivyo mwanzoni.

6. Shujaa. Simama kando ya ukuta au nyuma ya kiti, ukishika. Tanua miguu kwa hatua moja ndogo, geuza mguu wa kulia wote pamoja na vidole kuelekea kulia. Kunja goti la kulia kidogo tu. Likiwa limekunjwa, lisipite mbele ya kifundo, wala lisianguke ndani. Mguu wa kushoto ubaki umenyooka. Pumzi 3, kisha upande wa pili. Vijana hukunja goti mpaka pembe ya mraba. Mzee asiwaige.

7. Mti. Shika ukuta. Weka uzito katika mguu wa kushoto. Inua kisigino cha kulia na ukiegemeze juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, vidole vya kulia vikibaki chini. Tazama kitu kimoja kilicho mbele yako. Pumzi 3 hadi 5, badili. Msiweke unyayo ubavuni mwa goti hata siku moja, maana goti halikuumbwa kusukumwa upande.

8. Kunyoosha mguu kwa kanga. Lala chali kitandani au juu ya mkeka. Pitisha kanga chini ya unyayo wa kulia, shika ncha mbili kwa mikono, na uinue mguu taratibu. Goti likiwa limekunjika kidogo si neno. Utasikia nyuma ya paja panavutika. Mguu wa kushoto uwe umekunjwa, unyayo chini. Pumzi 5 kila mguu.

9. Daraja. Ukiwa umelala chali, kunja magoti yote mawili, nyayo chini. Toa pumzi, kaza makalio, inua nyonga kwa kimo cha ngumi moja au mbili. Pumzi 2, kisha shuka. Mara 5. Mwenye shinikizo la damu lisilotulia aliache zoezi hili mpaka mganga amruhusu.

10. Kupumzika. Lala chali, weka mto au blanketi iliyokunjwa chini ya magoti. Fumba macho na upumue kwa kawaida kwa dakika 5. Kuinuka, geuka kwanza ubavu, kisha jisukume kwa mikono. Kaa kidogo kabla ya kusimama ili usipatwe na kizunguzungu.

Mama asiyeweza kabisa kulala chini na kuinuka afanye namba 8 hadi 10 kitandani. Kama hilo pia ni gumu, afanye namba 1 hadi 5 peke yake. Hayo ni mwanzo mzuri.

RATIBA YA WIKI NANE

Wiki ya 1 na ya 2: namba 1 hadi 4 na namba 10, dakika 10, siku nne kwa wiki.

Wiki ya 3 na ya 4: ongeza namba 5 na 8, dakika 15 hadi 20.

Wiki ya 5 na ya 6: ongeza namba 6 na 9.

Wiki ya 7 na ya 8: ongeza namba 7, na ufanye yote kwa dakika 30, siku nne au tano.

Siku nyingine tembea kwa miguu kadiri uwezavyo. Msitegemee nafuu katika siku tatu, maana misuli hujengeka polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Njia nzuri ya kupima ni hii: siku ya kwanza hesabu ni mara ngapi unaweza kuinuka kitini na kukaa katika nusu dakika. Mwandike namba hiyo ukutani au kwenye kalenda. Baada ya wiki nane rudieni hesabu.

MAMBO YA KUEPUKA

Picha za yoga katika simu na magazeti huonyesha vijana wamekaa miguu imepachikwa juu ya mapaja, au wamekalia visigino. Mwenye ugonjwa wa magoti asijaribu mikao hiyo. Asichuchumae mpaka chini, asipige magoti juu ya sakafu ngumu, asizungushe goti akiwa amesimama juu yake, wala asikubali mtu mwingine amsukume au kumvuta ili "anyooke zaidi".

NENDA HOSPITALI UPESI ukiona mojawapo ya haya: goti limekuwa jekundu na la moto pamoja na homa, limevimba ghafla baada ya kuanguka, huwezi kukanyaga kabisa, ndama ya mguu mmoja imevimba na kuuma, viungo vingi, hasa vya vidole, vinakakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa kila siku, au maumivu yanakuamsha usiku huku mwili ukikonda. Hayo yaweza kuwa maradhi mengine, na mazoezi hayatayaponya.

MSAADA WA NYUMBANI

Uzito. Watafiti wa Marekani waligundua mwaka 2005 kuwa kila kilo moja ambayo mtu mnene anaipunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Basi mama mwenye mwili mkubwa akipunguza kilo 5, goti linapata nafuu ya kilo 20 kila akikanyaga. Tupunguze mafuta ya kupikia, sukari kwenye chai, soda na vitumbua. Mboga za majani na maharage yaongezwe.

Fimbo. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mgonjwa. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa.

Dawa. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, vikimezwa kila siku bila ushauri, vinaweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Dawa ya kupaka ya aina hiyo ina hatari ndogo zaidi. Msinunue dawa zisizo na jina, zinazouzwa kwa sifa ya "kuondoa maumivu siku hiyo hiyo". Goti likiharibika kabisa, madaktari bingwa wanaweza kuweka goti la bandia, na hata hapo misuli iliyoimarishwa kabla ya upasuaji ni faida.

Nyumba. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha choo cha mbao chenye tundu, na kupigilia mti wa kushikia ukutani. Kitanda kiinuliwe kwa matofali imara. Meko iinuliwe ili mama apike akiwa amesimama au amekaa kitini, na mbuzi ya kukunia nazi ifungwe juu ya benchi. Kazi hizi ni za siku moja, lakini faida yake ni ya miaka.

Kanisa. Akina mama wajue kwamba maelekezo ya Misale ya Kirumi yenyewe yanawaondolea wagonjwa wajibu wa kupiga magoti. Mwenye magoti mabovu na akae au asimame kwa heshima, bila aibu. Wenzake wasimtazame kwa jicho la lawama.

MAZOEZI YA PAMOJA

Wale wanawake wa Minnesota walifanya mazoezi nyumbani, lakini mara moja kwa wiki walikutana. Mtu akiwa peke yake huacha upesi, ila akijua wenzake wanamngoja, hutoka. Katika parokia zetu tunao WAWATA, na Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana kila wiki. Je, dakika 20 kabla ya kikao haziwezi kutolewa kwa ajili ya magoti? Viti vipo, kuta zipo, kanga zipo. Muuguzi mmoja wa parokia akiombwa kusimamia mara mbili za kwanza, akina mama wataendelea wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NA FAMILIA

1. Katika jumuiya yetu, ni wazee gani hawaji tena kusali kwa sababu ya magoti? Ni nani atawatembelea wiki hii?

2. Ni kazi zipi tunamfanyia bibi ambazo angeweza kuzifanya mwenyewe kidogo kidogo? Na ni zipi nzito ambazo tumemwachia isivyo haki?

3. Choo, kitanda na meko za nyumbani kwetu zinamfaa mwenye magoti mabovu? Tuanze kurekebisha kipi?

4. Mama yupi na kijana yupi watajitolea kujifunza mazoezi haya kumi na kuwaongoza wengine?

Kateni ukurasa huu na kuubandika karibu na kiti cha bibi. Mjukuu anayejua kusoma amsomee zoezi moja moja, na yeye mwenyewe afanye pamoja naye.